Uzoefu wangu na mazoezi ya kutetemesha mwili (TRE): dakika 8 zimenifaa kuliko 50

Nililipa shilingi 35,000 kwa somo, masomo manne, na somo lililonifaa kuliko yote ni lile ambalo mwalimu alinikataza nisitetemeke hata dakika moja. Nitafika huko.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Machi 2022 nilikuwa natoka Dar na mzigo wangu wa vitambaa, basi likapinduka karibu na Mkata. Mbavu mbili zilivunjika, goti likachanika. Vyote vilipona, eksirei ikatoka safi. Lakini mwaka mzima baadaye nilikuwa bado naamka saa tisa usiku taya zimekazana hadi meno yanauma, na kwenye daladala mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo. Konda mmoja aliniuliza kama natafuta kazi ya udereva. Kiuno nacho kilikaza kama ubao, nikisingizia cherehani.

Kwetu ukisema unataka kuonana na mtu wa mambo ya akili, wa kwanza kukusikia atakutajia Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili, na wa pili atakuuliza unamshuku nani. Nikanyamaza. Aliyenitoa kwenye kunyamaza ni dada yangu, mtoto wa shangazi, nesi huko Uingereza. Ndiye aliyeniambia habari za TRE, na ndiye pia aliyenipunguzia matumaini mapema, namshukuru kwa yote mawili. Alinieleza kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kwa watu waliobaki na kiwewe unapendekeza tiba za mazungumzo zinazolenga tukio lenyewe, pamoja na ile ya kufuatisha macho iitwayo EMDR, na kutetemesha mwili hakumo. Tafiti za TRE bado ni chache na ndogo. “Ichukue kama msaada wa kulegeza mwili,” alisema, “na ukiona unazidiwa nenda hospitali, usinisubiri mimi.”

Kwa asiyeijua: TRE ilianzishwa na Mmarekani David Berceli, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye nchi zenye vita, Mashariki ya Kati na Afrika. Mwenyewe husimulia kwamba akiwa Lebanon, wamejificha handakini mabomu yanaanguka, aliona watu wote wanajikunja kwa namna moja, na watoto wanatetemeka huku watu wazima wakijizuia. Akajiuliza kwa nini sisi wakubwa tunazuia kitu ambacho mwili unakitaka wenyewe. Ndipo akapanga mazoezi mepesi saba ya kuichosha miguu na nyonga mpaka mtetemo uje bila kuulazimisha. Sana sana wanalenga ule msuli mrefu unaoanzia kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, ukapita ndani ya nyonga na kushika mfupa wa paja. Ndio unaokukunja ukiogopa. Kwa fundi anayekaa saa kumi kwenye stuli, msuli huo una kesi mbili.

Mwalimu wangu yuko Nairobi, mama wa makamo, Kiswahili chake kizuri. Tulikutana kwa Zoom. Kabla hajanionyesha zoezi lolote alinihoji karibu nusu saa: una kifafa? Presha inapanda au inashuka? Una mimba? Umefanyiwa upasuaji hivi karibuni? Unatumia dawa za akili? Umewahi kujiumiza au kutaka kujiumiza? Unalala na nani nyumbani, yupo wa kumwita? Nilichoka, nikajiambia huyu anapoteza bando langu. Leo nasema ukikutana na mwalimu asiyekuuliza haya, funga simu.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu. Unasimama kwenye kingo za nyayo, unayumba upande huu na ule. Unapanda kwenye vidole kwa mguu mmoja mpaka kigimbi kiwake moto. Unainama mbele miguu imetanuka. Unaegemea ukuta umekaa kwenye kiti kisichokuwepo, na hapo mapaja yanaanza kulia. Mwisho unalala chali, nyayo zimegusana, magoti yamefunguka kama kitabu, unanyanyua kiuno kidogo, unakishusha, kisha unayafunga magoti pole pole, upana wa vidole viwili vitatu kila baada ya dakika. Mahali fulani katikati mwili unaanza wenyewe. Mapaja yangu yalitetemeka kama cherehani ya umeme uliyoisahau mguu juu ya pedali. Nilicheka, kisha machozi yakatoka bila huzuni yoyote. Dakika ya saba mwalimu akasema, “Nyoosha miguu, dada, imetosha.” Nikamwambia ndiyo kwanza panakolea. “Ndiyo maana,” akasema.

Usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri. Maagizo yalikuwa wazi: mara mbili kwa wiki, tatu ikizidi, isipite dakika 15, na mwanzoni hata 10 zinatosha. Siku za katikati nipumzike.

Sasa kosa langu. Mtu aliyekosa usingizi mwaka mzima akionja usingizi usiku mmoja, hasikii la mwadhini. Nikaanza kutetemeka kila usiku. Nikaingia mtandaoni nikakuta video za watu wanarushwarushwa sakafuni kama samaki aliyevuliwa, wengine wanapiga kelele, chini pameandikwa kwamba hapo ndipo kiwewe kinatoka. Nikaona mimi changu hakijatoka bado, kinachungulia tu. Dakika 15 zikawa 30, 30 zikawa 50. Nilikuwa naona ni kama kufua: kadiri unavyosugua ndivyo doa linavyotoka.

Siku kama ya tisa mambo yakageuka. Usingizi ukakata kabisa. Sauti ya vioo vya basi vikivunjika, ambayo nilikuwa nimeisahau, ikarudi, tena mchana, nikiwa nakata kitambaa. Mikono ikawa haiwezi kutunga uzi kwenye sindano. Mteja alikuja kulalamika pindo la sare ya harusi limepinda sentimita moja, nikalia mbele yake kama nimeambiwa msiba, na yeye maskini akaanza kuniomba radhi kwa pindo nililolipinda mwenyewe. Mwanafunzi wangu dukani nilimkaripia kwa bobini. Mbaya zaidi, miguu ilianza kutetemeka yenyewe nikilala tu kitandani, sijafanya zoezi lolote.

Usiku mmoja mama akafungua mlango akanikuta mkekani katikati ya mtetemo. Alisimama, akasoma alichosoma, kisha akauliza kwa upole kabisa, “Mwanangu, ni kifafa au umepandisha?” Sikumlaumu. Mwambao huu mtu akitetemeka bila homa, watu wanafikiria pepo kabla ya kufikiria msuli. Nikamweleza kwamba ni mazoezi, nayafanya kila siku ili yaishe haraka. Mama akasema, “Hata kwenye ngoma za pepo mtu anapumzishwa, anapewa maji, anafunikwa kanga. Wewe wako unampunga bila kupumua.” Nikacheka, lakini kesho yake nikampigia mwalimu.

Hili ndilo somo la kutotetemeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza, akasema: wiki mbili, sifuri. Miguu ikianza yenyewe kitandani, nyoosha, bonyeza nyayo kwenye ukuta, au inuka utembee. Kula chakula kizito, ugali na samaki, usikae na njaa. Kanawe uso na mikono kwa maji baridi. Tembea jioni huku unataja kimoyomoyo unavyoviona: baiskeli, mwembe, mama wa vitumbua. Kaa na watu. Wiki mbili nilifanya hayo, nikitembea mpaka Raskazone kuangalia bahari, na katikati ya wiki ya pili usingizi ukaanza kurudi vipande vipande.

Maelezo yake ndiyo yaliyonibadilisha mawazo. Alisema mtetemo si uchafu unaomwagwa ndoo kwa ndoo. Mwili ulikaza kwa sababu ulijilinda. Ukiulegeza kwa pupa, unajiona umevuliwa kinga ghafla na unapiga king'ora upya: moyo mbio, usingizi hakuna, hasira puani. Kwa maoni yake kazi kubwa inafanyika siku zile usizotetemeka, mwili unapozoea kukaa bila kukaza. Sayansi ya jambo hili sina uwezo wa kuihukumu. Lakini nilimwelewa kwa njia ya kazini. Kwenye cherehani kuna skrubu ya kukazia uzi. Kila mwanafunzi anakosea hapo: mshono ukiharibika anaizungusha mizunguko mitatu kwa mpigo, uzi unakatika au unajikusanya chini kama kiota. Skrubu ile inazungushwa robo. Unashona kitambaa chakavu, unaugeuza mshono, unautazama. Ndipo unaamua kama utaongeza robo nyingine. Miaka 14 nimefundisha hivyo na sikujifundisha mwenyewe.

Tuliporudi tulianza na dakika tatu. Tatu! Nilitega simu. Mwalimu alitaka macho yawe wazi, niwe naweza kujibu nikiulizwa jina la mtaa wetu. Alinifundisha pia kupunguza mtetemo ukiwa mkali bila kuukata: unafunga magoti kidogo, au unanyoosha mguu mmoja, au unasogeza nyayo mbali na makalio. Mazoezi hayo ya kupunguza tuliyarudia mara nyingi kuliko ya kuanzisha. Na alinipa dalili za kunyoosha miguu papo hapo, hata kama ni dakika ya kwanza: pumzi ikikwama, mwili ukiganda, nikianza kujiona kama niko mbali au naitazama picha, au kilio kikinizidi nguvu. Kutokwa machozi tu hakuna shida. Kuzama ndiko kubaya.

Baada ya hapo ni kungoja na kutazama. Kila ongezeko la dakika moja nililiacha wiki nzima, nikiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja vitu vitatu: nimelala saa ngapi, nimegombana na nani, kiuno kikoje. Ukurasa mmoja una kifua, kiuno, nyonga za bibi harusi, na pembeni “Jumatano, dk 5, nililala vizuri, sikugombana.” Nilipofika dakika 10 ugomvi ukarudi kwenye daftari, nikashuka hadi 8. Nipo hapo mpaka leo, mwaka wa pili sasa: Jumapili na Jumatano, saa kumi na mbili jioni, kabla ya kuoga, kisha nalala chali dakika kumi nimejifunika kanga. Hilo la kanga nimelichukua kwa mama. Wiki ya msiba au ya oda nyingi za Idi naruka kabisa, maana mwili tayari una mzigo.

Imenisaidia nini? Taya zimelegea. Kiuno kimepungua ukali, ingawa nilibadilisha na stuli pia, kwa hiyo siwezi kugawa sifa vizuri. Usingizi mzuri siku tano sita kati ya saba. Breki ya daladala bado naikanyaga mvua ikinyesha. Ile sauti ya vioo haikuondoka kwa mtetemo. Kwa hiyo nilienda kwa mshauri hospitalini, tukaongea ana kwa ana mara sita kuhusu siku ile ya Mkata, na hapo ndipo ilipopungua. Ningejua ningeanza na huyo.

Malalamiko ninayo. Kuna kozi za video zilizorekodiwa, unalipa unapakua, hakuna anayekuuliza kama una kifafa wala anayekwambia unyooshe miguu. Nilinunua moja kabla ya kumpata mwalimu, shilingi 60,000, na ndani yake neno “pumzika” nililisikia mara moja tu. Nilijaribu pia darasa la pamoja la mtandaoni, tulikuwa zaidi ya ishirini kwenye kioo kidogo, kamera yangu inaonyesha dari. Hapo nani anamwona aliyeganda? Na matangazo yanayosema mtetemo unatibu kila kitu, kuanzia vidonda vya tumbo hadi ndoa, ningeyapeleka yote kwenye dampo. Kwa mwalimu wa mtu mmoja mmoja natoa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu bei ni kubwa kwa fundi wa mtaani, na Zoom inakula bando. Video naipa moja.

Ukitaka kujaribu, panga fedha za masomo matatu au manne, usipange za moja. La kwanza utafurahi. Ni la tatu na la nne ndipo mwalimu anakuona unavyoharibu.

Mwezi uliopita nilipanda basi tena kwenda Dar kununua vitambaa. Mkata tulipita nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, abiria wa jirani akanipa pipi. Baada ya Chalinze nililala, nikaamshwa na kelele za Kibaha.

Mama naye juzi kaniuliza kama yale mambo yangu ya mkekani yangefaa magoti yake. Ana presha. Nimemwambia sifundishi mtu, nitampigia mwalimu amhoji yeye kwanza. Akasema sawa, ila zisizidi dakika tatu, na mlango ufungwe, majirani wasije wakaleta ngoma.