Bagi la 1984 kwa Spea za Kuokoteza: Laki Tatu na Ushee, Inatosha?

Mambo vipi watazamaji, karibuni tena mezani. Leo sina bidhaa ya kufungua boksi. Hili hapa ni bagi, gari la rimoti la uwiano wa moja kwa kumi, na hakuna duka linaloliuza likiwa hivi. Chasisi ni ya ukoo wa Grasshopper na Hornet, yale mabagi ya Tamiya wa Shizuoka, Japani, yaliyotoka mwaka 1984. Rimu za mbele zilikuwa za gari lingine kabisa. Servo, kile kimota cha kugeuza usukani, ni aina ile ambayo vijana wa vyuo wanafungia roboti zao. Fimbo za usukani ni spoki za baiskeli. Na bodi, chekeni tu, ni dumu la mafuta ya kula la lita tano.

Gharama yote na chaja ndani ni shilingi laki tatu na elfu sitini na tano. Sasa tuichambue hela hiyo ilikokwenda, maana kuna sehemu ilikwenda vizuri na kuna sehemu ningekushauri usiiguse.

Swali ambalo najua unalo: kwa nini gari la mwaka 1984? Kwa nini si lile la plastiki pale Majengo sokoni, hapa Dodoma, limekamilika, rimoti ndani ya boksi? Sababu ni vipimo. Lile la sokoni likifa mota, limekufa. Mota yake ni saizi yake peke yake, bodi ya umeme imebeba kila kitu, na fundi hana pa kuanzia. Mabagi ya zamani yalijengwa kwa vipimo ambavyo mpaka leo dunia nzima inavitumia. Mota ya 540, hiyo namba ni jina la saizi, ina kipenyo cha milimita 36, shafti yake ni milimita 3.17, na matundu yake mawili ya kufungia yameachana milimita 25, yanakula skrubu ya M3, yaani ya milimita tatu. Servo ya kawaida ni milimita 40 kwa 20. Betri ya wakati ule ilikuwa seli sita za volti 1.2, jumla volti 7.2, na betri ya leo ya lipo, yaani lithiamu-polima, ya seli mbili ni volti 7.4. Unaona? Miaka arobaini imepita na bado vinaingiliana. Kwa hiyo ukienda kutafuta spea, beba rula, na ikiwezekana kipimo cha kubana, vernia. Jina la kampuni litakusaidia baadaye wakati wa kuuza. Wakati wa kuunga, kinachokusaidia ni milimita.

Na usiogope kwamba spea zimeisha. Tamiya waliyarudisha sokoni haya magari, Hornet mwaka 2004 na Grasshopper mwaka 2005, kwa hiyo gia mpya na mikono ya mbele bado unaweza kuagiza.

Chasisi nimeipata kwenye mitumba ya midoli. Ilikuja na sanduku la gia, mikono ya mbele, na shokapu za nyuma zilizokauka oili. Umeme haukuwepo hata waya mmoja. Elfu sabini. Wengine wataona ghali kwa kipande cha plastiki, ila mimi sikununua plastiki, nilinunua sanduku la gia. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho kwenye gari la kuokoteza hutakiwi kukiokoteza vipande vipande. Gia zilizozoeana kusagana pamoja ziache pamoja.

Kulikagua ni rahisi, tazameni. Shika tairi moja ya nyuma isizunguke, zungusha nyingine. Inatakiwa mota igeuke, na uzungukaji uwe laini mwanzo mpaka mwisho. Ukisikia kama inaruka jino, difu, zile gia za kugawa mzunguko kwa tairi mbili, imeliwa. Sasa achia zote, zungusha moja peke yake ukiwa umezuia mota: ile ya upande wa pili igeuke kinyume. Umeona hiyo? Difu nzima. Baada ya hapo fungua, angalia meno kwa tochi ya simu. Meno yenye ncha kali kama yamenolewa, rudisha mzigo.

Kabla hujafungua, simama hapo hapo. Skrubu za Kijapani zina alama ya msalaba inayofanana na nyota ya kawaida, lakini pembe zake ni tofauti kidogo. Bisibisi nyota ya elfu mbili itateleza na kukuachia tundu la duara, halafu uanze kuhangaika na drili. Ulizia kwa mafundi pikipiki wakongwe, wale waliofungua kabureta za Honda na Yamaha, wengi wanazo bisibisi za Kijapani. Na wakati wa kurudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyumenyume mpaka uisikie inadondokea kwenye njia yake ya zamani, tak, ndipo ukaze. Ukiilazimisha itajichimbia njia mpya, na plastiki ya miaka arobaini haina subira ya kuchimbwa mara mbili.

Haya, rimoti. Elfu tisini pamoja na resiva, kile kipokezi cha mawimbi kinachokaa ndani ya gari, na hii ndiyo sehemu ya pili ambayo sibani hela. Mabagi haya yalizaliwa enzi za rimoti za megahezi 27, zenye kristali na antena ndefu ya kuvuta. Ukizipata kwenye boksi zitunze kwa kumbukumbu. Za leo ni gigahezi 2.4, hazigombani na za jirani, na zilizo nzuri zina failsafe, yaani mawimbi yakikatika gari linajua la kufanya. Lipange lisimame. Kulijaribu, weka gari juu ya kopo, magurudumu yaelee, bonyeza mafuta kidogo, halafu zima rimoti iliyoko mkononi. Hivi. Limesimama. Kama lako linaendelea kuzunguka, usilitoe uwanjani kwenye watoto.

Servo elfu ishirini, aina ya MG996R. Sokoni zimejaa nakala, kwa hiyo usiangalie karatasi, igeuze kwa rimoti ukiwa umeishika pembe, ule mkono wake mdogo, kwa vidole, ione inarudi katikati ileile kila mara. Hii yangu inarudi, ila ina kauvivu. Kwa gari la mchanga haina shida. Kwa mashindano ya lami ningeiacha. Spoki za baiskeli zina unene wa milimita mbili, chuma kigumu, unazikunja kwa koleo herufi Z na zinakaa. Kila aliyewahi kutengeneza gari la waya anajua kukunja hivi bila kufundishwa.

ESC, kile kidhibiti cha kugawa umeme kwa mota, elfu hamsini na tano, ya ampea 60, ya mota za brashi. Zamani kazi hii ilifanywa na swichi ya kimakenika iliyosukumwa na servo ya pili, na rezista iliyokuwa inachemka kweli kweli. Hamna haja ya kurudi huko. Angalia tu kuna kipini kidogo cha kuchagua aina ya betri. Ukitumia lipo, kipini kikae upande wa lipo, kwa sababu hapo ndipo ESC inakata umeme seli zisishuke hadi kufa. Seli ya lipo iliyojaa ni volti 4.2; ikishuka chini ya 3 mara kwa mara, itavimba na utaitupa.

Mota sasa, na hapa vijana wengi mnapenda kumwaga hela. Mimi nimetoa elfu kumi tu. Hii ni 540 ya kawaida, imetoka kwa fundi, kwenye chombo kilichokufa kwingine. Mtaambiwa chukueni mota ya drili ya betri, ni kali. Ni kweli ni kali, na matundu yake na shafti vinaoana. Lakini nyingi ni saizi ya 550, ambayo ina urefu wa kama milimita 57 wakati 540 ni kama 50. Hizo milimita saba zinagonga kinga ya nyuma. Ndiyo maana nikasema mbebe rula. Tena gia za zamani hazikuandaliwa kwa nguvu hizo: Grasshopper yenyewe ilitoka kiwandani na mota ndogo ya 380, Hornet ndiyo ikapewa 540.

Ukichukua mota ya kuokoteza, iangalie mgongoni. Kama haina kapasita tatu ndogo za kauri, inatupa kelele za umeme na resiva itachanganyikiwa, gari linatetemeka usukani bila kuguswa. Nenda kwa fundi redio yeyote, mwambie akupe zilizoandikwa 104. Atazing'oa kwenye bodi mbovu, pengine bure. Moja unaunganisha kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, mbili zilizobaki kila moja kutoka kwenye nguzo yake mpaka kwenye ganda la mota. Kwangua ganda kwanza kwa msasa, la sivyo risasi ya kuchomelea haishiki.

Betri na chaja elfu sabini na tano. Najua kuna mtu anataka kuniambia kuhusu seli za laptop, zile za 18650. Zipo nyingi na bei ni ya kutupa. Tatizo, zilitengenezwa kutoa umeme polepole, ampea chache. Mota ya 540 ikianza kuvuta kwenye mchanga inataka ampea kumi na zaidi, na seli za laptop zinazama volti, ESC inadhani betri imeisha, gari linasimama katikati ya uwanja. Seli za drili ndizo zinazoweza. Na chaja iwe ya kusawazisha seli. Usichaji kitandani, tafadhali.

Tairi na rimu elfu thelathini. Magari ya siku hizi mengi yanashika rimu kwa heksi, kile kitako cha pembe sita, ya milimita 12, ila ya zamani kila ukoo ulikuwa na mshiko wake, kwa hiyo rimu bila ekseli yake ni pambo. Raha ya tairi hizi ni kwamba hazina upepo. Mbigili zetu za Dodoma zichome zitakavyo. Makorokoro mengine, nati, waya, beringi, elfu kumi na tano.

Kuhusu beringi nikae kidogo, kwa sababu kwetu adui ni vumbi. Magari haya mengi yanakula saizi ya 5 kwa 11 kwa 4. Chukua zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili, zinaandikwa 2RS. Zenye kifuniko cha bati zinapitisha vumbi letu jekundu bila kuuliza. Grisi weka ndani ya sanduku la gia lililofungwa, kidogo. Chochote kilicho nje, viungo vya usukani, fimbo za shokapu, kiache kikavu. Grisi ikichanganyika na mchanga wa Dodoma umejitengenezea msasa. Na shokapu ziwekee oili ya silikoni. Mafuta ya cherehani yatafanya kazi wiki za mwanzo, lakini kama oringi zako, zile pete za kuzuia oili isivuje, ni za silikoni, zitavimba na shokapu zitaganda.

Bodi ya dumu: nyepesi, inapinda bila kuvunjika, na imekuja na rangi yake ya njano. Bahati nzuri, kwa sababu plastiki ile haishiki rangi wala gundi. Usipoteze supagluu, toboa na funga kwa skrubu. Bodi ya asili ya Hornet ni polikaboneti, plastiki angavu, inapakwa rangi kwa ndani. Nzuri zaidi? Sana. Lakini mtaani kwangu hakuna mtoto aliyeuliza habari za Hornet, wote wameuliza kuhusu dumu.

Twende uwanjani. Hapa ni Iyumbu, kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, jioni upepo ukitulia. Kwenye ardhi ngumu linakimbia vizuri na usukani unatii. Sasa angalieni nyuma likipita matuta: linachupa kama mwana-mbuzi aliyefunguliwa kamba. Ndiyo tabia ya muundo huu toka zamani, maana ekseli ya nyuma na sanduku la gia vinapanda na kushuka kwa pamoja, uzito wote. Oili nzito kidogo kwenye shokapu inapunguza, haiondoi. Anayetaka gari linaloteleza juu ya matuta atafute lenye mikono minne huru, na aongeze bajeti. Mimi kuchupa huku ndiko kunakonifurahisha.

Kwenye mchanga laini wa korongo, tairi za nyuma zenye meno zinachimba, linapita ukilipa mbio kabla ya kuingia. Ukisimama katikati, umekwama, na mota inaanza kuchemka. Iguse hivi kila betri ikiisha. Kidole kisipovumilia sekunde chache, ipumzishe.

Je, ununue boksi jipya badala yake? Kumbuka boksi jipya la Tamiya la kuunga mwenyewe haliji na rimoti, servo, betri wala chaja, na juu yake kuna usafiri na ushuru. Kwa hiyo vitu hivyo ungevinunua vilevile. Kama una hela na unataka gari safi la kuweka kabatini, chukua jipya. Kama unataka la kukimbiza Jumamosi, anza na sanduku zima la gia na rimoti yenye failsafe, hata kama vingine vitakaa miezi vikisubiri mshahara. Na ukikutana na 540 chini ya elfu kumi na tano, shafti haichezi na brashi bado ndefu, chukua mbili.