Kitabu Kimoja, Watu Watano: Kitabu Gani cha Kuunda Wahusika Ununue

Malalamiko yanayonifikia kutoka Makorora, Chumbageni, Muheza mpaka Pangani ni ya aina moja. Kikundi kimechanga hela, kimeagiza kitabu cha mchezo wa kuigiza wahusika (kila mchezaji anaunda mtu wa kubuni na kuamua anachofanya ndani ya hadithi), watu wamekutana barazani baada ya isha, na mpaka wanatawanyika hakuna hata mhusika mmoja aliyekamilika. Mmoja kashika kitabu, wanne wanamsubiri. Msimulizi, yaani anayeongoza hadithi, kaandaa safari yake ya Mapango ya Amboni, popo na mizimu tayari, na hana wa kumwingiza pangoni.

Wanaosifia vitabu hivi huzungumzia picha, wingi wa kazi za wahusika (mpiganaji, mwizi na kadhalika), na ule ubishi kama namba za sifa za mhusika zipatikane kwa kurusha dadu au kwa kugawa pointi. Hayo nayaacha, yameshaandikwa vya kutosha. Mimi nauliza hivi: kitabu kikiwa kimoja, watu wangapi wanaweza kuunda wahusika kwa wakati mmoja? Vingi vimetungwa Marekani, kwa mazoea ya kila mchezaji kuwa na nakala yake. Mjini Tanga sijaona duka linaloviweka. Kitabu kinakuja na basi kutoka Dar, au kwenye begi la shemeji aliyekuja likizo, na kinatumiwa na kikundi kizima. Sheria zikitawanywa kwenye sura nyingi, jioni yote inaliwa na foleni.

Chukua Dungeons & Dragons (D&D), mchezo ulioanza 1974 kwa mikono ya Gary Gygax na Dave Arneson, na kitabu chake cha wachezaji cha 2024, kurasa 384. Tuseme Mwanaidi anataka kuwa kuhani. Maelekezo ya kuanzia yako sura ya 2. Kazi ya kuhani iko sura ya 3. Historia yake, kwamba alilelewa hekaluni, iko sura ya 4, na hiyo ndiyo inayomwongezea pointi kwenye akili, busara au mvuto. Historia hiyo inampa kipaji, na kipaji kimeelezwa sura ya 5. Silaha na vifaa viko sura ya 6. Kipaji chenyewe kinamtaka achague maombi ya kichawi, kwa hiyo aende sura ya 7, kisha arudi ya 3 kuona kazi yake inampa mengine mangapi. Muda wote huo Kombo anayetaka kuwa mwizi hajagusa ukurasa. Kitabu si kibaya. Kimepangwa vizuri kwa mtu aliye peke yake na kitabu chake.

Kwa kipimo hicho, ninachokiweka namba moja ni Dungeon World ya Sage LaTorra na Adam Koebel, iliyotoka 2012, na nitaendelea kukipigia debe mpaka vikundi vya mji huu vikijue. Humo kila kazi ina karatasi yake. Ziko nane: manju, kuhani, druidi (mganga wa maumbile), mpiganaji, paladini (askari wa dini), mlinzi wa msitu, mwizi na mchawi. Karatasi zinapakuliwa bure mtandaoni. Unakwenda steshenari, unaprinti seti moja, kila mtu anachukua yake na kalamu, na wote watano wanaanza pamoja. Maandishi ya mchezo yametolewa kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo kutoa kopi si wizi.

Itazame karatasi ya mpiganaji. Juu kuna majina ya kuchagua, halafu macho, nywele na umbo. Majina ni ya Kizungu. Kata, andika Mwanakombo. Sifa sita za mwili na akili hazirushiwi dadu wala hazipigiwi hesabu: namba ni 16, 15, 13, 12, 9 na 8, unaamua ipi iende wapi. Uhai wake ni 10 ukijumlisha na namba ya ustahimilivu. Kisha unaunda silaha yake papo hapo. Je, ni upanga, shoka, nyundo au mkuki? Unaiongezea mambo mawili, labda ndoano na miiba, labda ing'ae kiumbe wa aina fulani anapokaribia. Mwishoni unachagua mwonekano wake: ya kale, yenye nakshi, yenye madoa ya damu. Yote hayo yamo mkononi mwako, hujamwomba mtu kitabu.

Halafu kuna mafungamano, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ni sentensi zenye nafasi wazi ya kujaza jina la mwenzako: nani umeapa kumlinda, nani unamdai uhai wake. Ili kujaza lazima mzungumze. Ule muda ambao kwenye michezo mingine watu huutumia kusubiri kitabu, hapa wanautumia kuulizana walikutana wapi na nani alimwokoa nani. Mhusika anazaliwa akiwa tayari ana watu. Nimeona watoto wa sekondari wakibishana kwa sauti kuhusu deni la uhai kabla msimulizi hajafungua mdomo.

Kasoro zipo. Karatasi inabana asili ya mhusika: mchawi lazima awe elfi (kiumbe wa hadithi za Kizungu) au binadamu, basi. Msimulizi mwenye busara atalegeza. Mchawi na kuhani wana karatasi ya ziada ya uchawi wao, msiisahau mkiprinti. Sehemu kubwa ya mchezo inaendeshwa na dadu mbili za kawaida, zile za ludo: jumla ya 10 au zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 kushuka chini msimulizi anakubana. Lakini madhara ya silaha yanataka dadu za pande nyingine, pande 4 kwa mchawi na 10 kwa mpiganaji. Vipande vya karatasi vyenye namba ndani ya kikombe vinatosha. Kitabu chenyewe mnunulieni msimulizi tu.

Namba mbili ni Pathfinder ya kampuni ya Paizo, kitabu cha Player Core cha 2023. Kwa uundaji ni kizito kuliko D&D, na kwa kipimo changu kingeanguka kabisa, ila sheria zake zote ziko bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa ruhusa ya wenyewe. Watano, simu tano, foleni hakuna. Nimeupenda pia mfumo wake wa kuongeza uwezo: asili inakupa, historia inakupa, kazi inakupa, kisha nne unachagua mwenyewe, hivyo kila namba ina sababu ya kuwapo. Gharama yake ni bando, na vipaji vingi vya kusoma kabla hujacheza.

D&D yenyewe naiweka ya tatu. Kitabu ni takriban dola 50 kwao, zaidi ya shilingi 100,000 kabla ya usafiri. Kama mnaitaka, anzeni na sheria za msingi zinazojulikana kama SRD 5.2, za 2025, bure kwa leseni ya Creative Commons: kazi zote 12 zimo, historia ziko 4 tu. Printini sura za kazi na mzigawe.

GURPS ya Steve Jackson, ya tangu 1986, ni ya wapenda hesabu. Kila sifa inaanzia 10. Kuongeza nguvu au afya hatua moja ni pointi 10, wepesi au akili ni 20, na ukikubali udhaifu unarudishiwa pointi. Mhusika anatoka vile hasa ulivyomtaka. Lakini mgeni hajui anataka nini mpaka asome orodha nzima, na orodha ni moja. Toleo fupi la kurasa 32 ni bure.

Za bei ya chini: Cairn, bure, dadu tatu kwa kila sifa kati ya tatu, haina kazi za kuchagua. Basic Fantasy, nayo bure, ina kazi nne za jadi. Zinafaa kwa jioni moja.

Sasa wauzaji. Kuna wanaotangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kitabu cha D&D kwa picha ya jalada la 2024, na kifurushi kikifika ni cha 2014. Hilo linaumiza kwa sababu sheria za kuunda mhusika ndizo zilizobadilika: kitabu cha zamani kinatoa nyongeza ya sifa kutokana na asili, kipya kutokana na historia. Kikundi chenye mchanganyiko wa vyote viwili kinagombana kuanzia mstari wa tatu wa karatasi. Wengine wanauza flashi yenye mafaili ambayo watunzi wenyewe wameyatoa bure, na mnunuzi haambiwi. Msomaji mmoja wa Ngamiani alilipia kopi iliyofungwa vizuri kwa gundi, akakuta sura ya vifaa haimo kabisa, na muuzaji hapokei simu tena.

Kabla hujatuma hela, omba picha tatu: ukurasa wenye mwaka wa kuchapwa, yaliyomo, na ukurasa wa mwisho wenye namba. Cha 2024 kiishie karibu na 384. Anayesema kitabu kimefungwa kwa nailoni hawezi kukifungua, mwambie akikifungua ndipo utalipa.