Chenso (msumeno wa injini) kuukuu: ununue ringi tu, pistoni, au seti nzima?

Kabla hujatoa hela, fungua ekzosi. Mulika tochi ya simu kwenye tundu huku ukivuta kamba polepole, pistoni itapita mbele ya macho yako. Bonyeza ringi, ile pete inayoizunguka pistoni, kwa kijiti: ikibonyea na kurudi, bado hai, ikigoma, imegandishwa na masizi. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi maana yake petroli ilikosa oili, au kabureta ilibanwa mno, petroli ikapita kidogo. Ikiwa upande wa kabureta, ni vumbi limepenya filta, na vumbi la mashamba ya mikorosho huku kwetu Masasi halina huruma.

Pistoni ikiwa safi, nunua ringi peke yake. Hilo ndilo chaguo langu la kwanza, na ndilo la bei ndogo. Ringi za Caber, kampuni ya Italia, ndizo ninazoziamini. Ingiza ringi ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, upime uwazi wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Milimita 0.3 hivi, funga. Ikikaribia milimita 1, irudishe dukani.

Pistoni ikiwa imekwaruzika, tafuta ya Meteor, nayo ya Italia, uirudishie silinda yako ya zamani. Wengi hapa hukosea: wanaona michirizi ndani ya silinda, wanaitupa. Mara nyingi ile ni aluminiamu ya pistoni iliyonata juu ya kromu, ile ngozi ngumu ya ndani ya silinda. Chovya pamba ya kwenye kijiti katika asidi ya kusafishia vigae, paka kwenye michirizi tu. Itachemka, futa, rudia. Vaa glovu, kaa nje, na asidi isiguse matundu ya pembeni, pale hakuna kromu. Ukucha ukipita bila kukwama, silinda imepona.

Pistoni ya mtumba iliyotoka kwenye mashine orijino naiweka ya tatu, mradi uipime upana kwa venia, kile kipimo cha milimita. Saizi ndiyo inayotuumiza. Pistoni ya Stihl 070 ina upana wa milimita 58, ya 090 ni 66, na kwa nje zinafanana. Mzee mmoja wa Newala aliniletea Husqvarna, mfuniko umeandikwa 272. Nikaagiza pistoni ya 52 kutoka Dar. Ilipofika haikuingia, ndani mlikuwa na silinda ya 268, milimita 50. Nikampigia. "Mwanangu, mfuniko huo niliuchukua kwa shemeji," akajibu, wala hakuona ajabu. Nauli ya basi nililipa mimi.

Seti ya Kichina, silinda na pistoni pamoja, ni ya mwisho kwangu, ingawa kwa 070 ndiyo inayopatikana upesi. Kama huna njia nyingine, pitisha kidole kwenye kingo za matundu. Zikiwa kali, zitanasa ringi na kuivunja. Zilainishe kwa msasa laini, kisha osha vizuri. Klipu zake zinazoshika pini ya pistoni tupa, nunua nyingine.

Wakati wa kufunga, mshale wa juu ya pistoni uelekee ekzosi. Oili ya tustroki isiyo ya Stihl, kwenye Stihl changanya mililita 40 kwa lita moja ya petroli, hata kama muuza duka anakwambia nusu yake inatosha.