Waridi la Iceberg: uzoefu wangu kwenye joto kavu, unyevu na baridi ya barafu

Iceberg ni mwaridi mweupe unaotoa maua kwa mashada. Ulizalishwa na Reimer Kordes wa Ujerumani na kutolewa mwaka 1958, na mwaka 1983 Shirikisho la Dunia la Vyama vya Waridi liliuingiza kwenye orodha yake ya heshima. Wajerumani wanauita Schneewittchen na Wafaransa Fée des Neiges, kwa hiyo ukikuta majina hayo kwenye vibandiko vya miche, usidhani umepata aina tatu.

Nimeutunza kwenye hali za hewa zisizofanana hata kidogo, na maoni yangu ni haya. Kwenye jua kali na hewa kavu, sijaona mwaridi mweupe unaoupita kwa wingi wa maua. Mahali ambapo majani hulala yamelowa, unahitaji jicho la kila wiki. Penye theluji unaishi vizuri, ila kina ulichoupandia ndicho kitakachoamua. Ua lenyewe ni lilelile kila mahali. Kinachobadilika ni jani na mguu wa mche, na huko ndiko wanunuzi wengi hawatazami.

Kwanza, usichopata. Harufu ni hafifu, tena inasikika zaidi asubuhi. Anayetaka waridi linalonukia mpaka barazani atafute aina nyingine. Ua la chombo pia silo: petali ni chache kiasi, linafunguka haraka na kupukutika mapema. Unachopata ni kichaka cha mita 1 hadi 1.5, miiba michache (mikono itakushukuru siku ya kupogoa), majani ya kijani kisichokolea yenye kung'aa, na mashada yanayopishana karibu msimu mzima. Hewa ikipoa, matumba huwa na waridi-pinki kwa mbali kabla ya kufunguka. Huo si ugonjwa wala mche wa bandia.

Mguu wa mche

Miche mingi inayouzwa imebebeshwa: kikonyo cha Iceberg kimeunganishwa kwenye shina la chini la waridi jingine. Ukitazama juu kidogo ya mizizi utaona uvimbe kama kifundo. Hicho ndicho kiungo. Kabla ya kulipa, uliza shina la chini ni la aina gani. Muuzaji asiyejua jibu hajui anachokuuzia.

Shina la chini la Rosa multiflora huvumilia baridi na hupenda udongo wenye uchachu kidogo, lakini kwenye udongo wa chokaa majani yake huwa ya njano. Shina la waridi liitwalo Dr. Huey hustahimili ukavu na udongo wenye alkali, ila halina raha penye maji yanayotuama. La Fortuniana lina mizizi inayotambaa mbali, hufaa sana kwenye mchanga na huvumilia minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayotia mizizi vifundo), lakini baridi ya kugandisha huliua. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kununua Iceberg, mmoja akausifu na mwingine akauapiza, na wote wakawa wanasema kweli.

Upo pia mche uliooteshwa kwa kipande cha tawi la Iceberg lenyewe, usio na kiungo. Unaanza polepole, lakini kwenye baridi kali ndio ninaoupendekeza: barafu ikiua matawi yote ya juu, kitakachochipua kutoka kwenye mizizi bado ni Iceberg.

Kupanda

Chimba shimo la upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 40 hadi 50. Kabla ya yote, lijaze maji uone yanakwenda wapi. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, usipande hapo. Inua tuta la sentimita 25 au hama. Udongo uliotoka changanya na mboji iliyoiva, mboji ikiwa theluthi moja. Kiwango cha pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kinachofaa ni kati ya 6.0 na 6.8. Samadi mbichi usiiweke shimoni, inaunguza mizizi michanga, na mbolea ya dukani iache mpaka mche uonyeshe majani mapya.

Mche ulioletwa mizizi ikiwa wazi ulowekwe kwenye ndoo ya maji saa 12 hadi 24, usizidishe, kisha kata ncha zilizovunjika. Kiungo kikae wapi? Penye joto mwaka mzima, sentimita 2 hadi 5 juu ya ardhi, ili unyevu usikiozeshe na kikonyo kisianze kutoa mizizi yake. Penye barafu, sentimita 5 hadi 10 chini ya ardhi, ili udongo ukikinge. Wengi hufuata maelekezo ya nchi nyingine na kufanya kinyume, halafu lawama zinaiendea aina ya waridi.

Kwenye chungu, ujazo usiwe chini ya lita 40. Chungu cheusi kinachopigwa na jua la alasiri kinapika mizizi. Kifunike ubavuni au chagua rangi nyeupe.

Kwenye joto kavu

Hapa Iceberg haidai makuu. Mche uliokomaa nauhesabia lita 20 kwa wiki, na joto likivuka nyuzi 35 nagawa kiasi hicho mara mbili au tatu na kuongeza kidogo. Maji yaende chini taratibu; ukinyunyizia juujuu kila siku, mizizi inabaki karibu na uso wa ardhi na ndiyo ya kwanza kuungua. Matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Joto likizidi, maua huwa madogo na humalizika kwa siku moja mbili, lakini kwa kuwa ni meupe hayapauki kama mekundu. Kivuli chepesi baada ya saa nane mchana kinasaidia sana.

Adui wa ukavu ni utitiri mwekundu. Jani linaanza kuwa na vidoa vidogo vya rangi ya shaba, mng'ao unapotea, na mtu anadhani mche una kiu. Geuza jani, liweke juu ya karatasi nyeupe, ligonge kwa kidole: ukiona chembe kama za vumbi zikianza kutembea, jibu umelipata. Piga maji ya nguvu chini ya majani asubuhi, kila baada ya siku mbili tatu, kwa wiki mbili. Dawa za wadudu za kawaida mara nyingi huzidisha tatizo, kwa sababu zinaua wadudu wanaokula utitiri na kuuacha utitiri wenyewe.

Kwenye udongo wa chokaa angalia majani machanga. Yakiwa ya njano na mishipa imebaki kijani, mche unakosa chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila pH imekifungia. Tumia chuma cha kileti (kilichotengenezwa kisifungwe na udongo) kinachofaa udongo wa alkali. Kumwaga mbolea ya naitrojeni hapo ni kazi bure. Yakianza kuwa ya njano majani ya chini, tena kati ya mishipa, fikiria magnesiamu.

Kwenye unyevu

Hapa ndipo kasheshe. Udhaifu mkubwa wa Iceberg ni madoa meusi, ugonjwa wa kuvu aitwaye Diplocarpon rosae. Doa lina ukingo uliochanikachanika kama unyoya, jani linageuka njano kulizunguka, kisha linaanguka. Huanzia chini na kupanda juu, mpaka kichaka kinabaki na mashada ya maua juu ya fimbo tupu.

Kuvu huyu anahitaji jani libaki limelowa kwa takriban saa saba ili spora zake (mbegu zake ndogo mno) ziote na kuingia. Ukishalijua hilo, karibu kila hatua inajipanga yenyewe. Maji umwagilie asubuhi, chini, kamwe si jioni kwa bomba la kurushia. Kati ya mche na mche acha mita 1.2, hata kama kibandiko kinaruhusu pungufu. Usiupande kwenye kona ya kuta mbili ambako upepo haupiti. Matawi yanayokua kuelekea katikati yakate, kichaka kiwe wazi kama bakuli. Majani yaliyoanguka yaokotwe, kwa sababu tone la mvua likigonga jani bovu chini, linarusha spora hadi kwenye jani zima juu.

Dawa ya kuvu ni kinga, haiponyi doa lililokwisha kutokea. Anayepuliza baada ya majani kuwa ya njano anapoteza fedha. Anza majani mapya yanapofunguka, pande zote mbili za jani, rudia kwa muda ulioandikwa kwenye lebo (mara nyingi siku 7 hadi 14 wakati wa mvua), na badilisha kundi la dawa ili kuvu asizoee. Salfa inafaa, ila usiipulize joto likikaribia nyuzi 30 au kuzidi, wala ndani ya wiki mbili baada ya kupuliza mafuta, itaunguza majani. Magadi ya kuokea yanayosifiwa kila mahali siyategemei kwa madoa meusi.

Ubwiri unga, kuvu anayeacha kama unga mweupe kwenye majani, ni habari nyingine. Huo hauhitaji jani lililolowa. Unapenda mchana mkavu na usiku wa baridi wenye unyevu hewani, na unaanzia kwenye machipukizi laini na shingo za matumba. Ukiongeza naitrojeni kupita kiasi unauandalia karamu, pamoja na vidukari. Mimi huweka gramu 50 hivi za mbolea iliyosawazishwa kwa kichaka kilichokomaa baada ya kila upogoaji, kwa duara, sentimita 30 kutoka shinani, juu ya udongo uliokwisha kulowa.

Kwenye baridi ya kugandisha

Wiki sita kabla ya barafu ya kwanza acha naitrojeni, na acha kukata maua yaliyonyauka ili mche ufunge matunda na kutulia. Rundika udongo au mboji kuzunguka shina hadi sentimita 25 au 30, lakini subiri ardhi ianze kuganda. Ukiwahi, unaufungia mche joto na unachipua wakati mbaya. Kinachoua mara nyingi si baridi yenyewe bali kuganda na kuyeyuka kwa zamu, kunakopasua gome na kuinua mizizi. Rundo huondolewa kidogokidogo baridi inapoisha. Matawi meusi usiyaogope: kata kushuka mpaka uone moyo wa tawi ni mweupe au kijani.

Kupogoa

Iceberg haipendi mkasi mkali. Penye joto punguza theluthi moja tu. Ukiikata hadi magoti kila mwaka unaidhoofisha, na inachukua muda mrefu kurudi. Penye barafu huna hiari, barafu imeshakupogolea; maliza kwa kuacha sentimita 30 hadi 45 za tawi zima wakati vichipukizi vimeanza kuvimba. Mkato uwe nusu sentimita juu ya kichipukizi kinachotazama nje.

Penye nchi isiyo na majira ya baridi, mche haulali. Majani mabovu ya jana yanaambukiza ya leo bila mapumziko, kwa hiyo mapumziko lazima uyatengeneze. Pogoa mvua kubwa zinapokatika, ng'oa majani yote yenye madoa, na majani mapya yatakomaa kwenye ukavu. Maua hutegemewa wiki sita hadi nane baadaye, kutegemea joto. Katikati ya misimu, toa kwanza ua la kati la shada likinyauka, na shada likiisha lote kata juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano.

Iceberg ya kutambaa, iliyotokea mwaka 1968, ni suala jingine: miaka miwili ya mwanzo usiikate, ifunge tu matawi yake kwa ulalo. Tawi lililolazwa huchipua maua urefu wake wote. Lililosimama wima huchanua nchani pekee.

Machipukizi mwitu

Siku moja utaona fimbo ndefu, laini, yenye majani ya umbo tofauti, imetoka kando ya kichaka. Usiihukumu kwa idadi ya vijani, huo si ushahidi. Fukua udongo uifuate hadi chanzo chake. Ikitoka chini ya kiungo, ni shina la chini linataka kuchukua mji. Ukiona maua mekundu meusi yanayotoka mara moja tu kwa msimu, Dr. Huey ameshachukua. Usiikate kwa mkasi, maana pale ulipokata zitachipua tatu. Ishike karibu kabisa na mzizi, ivute kuelekea chini mpaka ing'oke na kisigino chake, kisha rudishia udongo na ushindilie kwa mguu. Ikitoka juu ya kiungo, iache: hiyo ni tawi jipya la Iceberg, na mwakani ndilo litakalobeba mashada makubwa kuliko yote.