Laptop ya Kariakoo iliyonikalisha koridoni

Nianze na zile karatasi, maana hasira yangu yote iko pale. Karatasi mbili za A4, nimezichapisha kwa rangi steshenari ya jirani, nikaziweka kwenye bahasha ya kaki kama mgonjwa aliyebeba picha yake ya eksirei, nikapanda daladala kutoka Tabata mpaka Kariakoo. Yule bwana wa dukani akazipokea kwa mkono mmoja, hakuzitazama, akazilaza mezani na kuweka juu yake kikombe cha chai ya tangawizi. Alipokiinua, duara la chai lilikuwa limebaki katikati kabisa ya grafu yangu.

Kwa hiyo mkiona naandika kwa ukali, mjue naliona lile duara.

Kazi yangu ni kuandaa hesabu za maduka madogo na kutuma ritani zao za VAT. Wenzangu wa kazi hii hawahitaji kuelezwa tarehe 20 ni nini: ndiyo siku ya mwisho ya kutuma ritani. Laptop yangu ya zamani ilikata roho kabla ya masika, nikaenda Kariakoo nikachukua used, zile za maofisini Ulaya zinazotushukia kupitia Dubai. Laki sita na nusu. Duka silitaji, na kampuni ya laptop nayo siitaji, kwa sababu mpaka sasa sijaamua nimlaumu nani. Wakati wa kuuza yule bwana alikuwa mtamu ajabu, aliniagizia soda, akaniita mama yangu, akanifutia kioo kwa kitambaa. Na kibodi yake ile! Vitufe vinazama kidogo halafu vinarudi, unaandika namba mpaka unasahau chakula jikoni. Kibodi ndiyo iliyoniponza.

Siku kama tatu hivi baadaye, waifai ikaanza vituko. Nikikaa koridoni karibu na ruta, inakwenda. Nikihamia chumbani, hatua kama nane tu, ukuta mmoja katikati, inakatika, inarudi, inakatika, halafu jina la ruta linapotea kabisa kwenye orodha kana kwamba nyumba haina ruta. Simu yangu, ya bei ya kutupa, hapo hapo kitandani inasoma mtandao vizuri na watoto wanaangalia katuni. Nikahamishia kazi koridoni chini ya ruta. Nilikalia ndoo iliyogeuzwa juu chini, laptop mapajani, waya wa chaji umetambaa sakafuni na kila anayekwenda chooni ananiruka. Karibu mwezi mzima. Mume wangu akaanza kuniita mlinzi.

Halafu kukawa na lile la pili. Nafunga kifuniko niende kugeuza maharage, narudi, nafungua, kioo cheusi. Nasubiri. Mara bluu tupu, na kile kisura cha huzuni, na chini yake maneno DRIVER POWER STATE FAILURE. Inajizima, inawaka, kazi ambayo sikuihifadhi imekwenda. Ilinifanyia hivyo tarehe 19 usiku. Sitasimulia usiku ule.

Mara ya kwanza niliporudi dukani niliambiwa, "Mama, hilo ni bando." Nikamwambia natumia ruta ya kulipia mwezi, na nimelipia. "Basi ni mtandao wenu wa huko Tabata." Akanipigia Windows upya, elfu ishirini. Ikatulia siku mbili. Mara ya pili ikawa virusi, akapiga tena Windows, elfu ishirini nyingine. Niulizeni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi. Mimi ninayewakumbusha wateja kila mwezi kutoa risiti, nimepewa kijikaratasi cha mkono kimeandikwa "laptop 1" na chini "mali ikishauzwa hairudishwi", na nikaondoka nacho nimefurahi kwa sababu ya soda.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu aliyeko Dodoma, kwa simu. Alinielekeza nifungue lile dirisha jeusi la maandishi, nilifungue kama msimamizi, niandike netsh wlan show wlanreport. Kumbe Windows yenyewe inaweka kumbukumbu. Inakutengenezea ukurasa wa siku tatu zilizopita, una grafu, na kila waifai ilipokatika pana alama na sababu yake. Yangu nilihesabu mara 41. Akanifanyisha na mengine: tukatenganisha majina mawili ya ruta, la mawimbi ya GHz 2.4 na la GHz 5, maana 5 ina kasi lakini kuta zinaichosha haraka, 2.4 inafika mbali zaidi. Akaniambia hata ile diski ya nje niliyokuwa nachomeka pembeni niiondoe, kwa sababu USB 3 hutoa kelele ya mawimbi, isiyosikika, inayoisumbua 2.4. Nikaondoa. Chumbani bado hamna kitu. "Mamdogo," akasema, "hapo si mtandao, ni mashine. Chapisha hiyo ripoti uwapelekee."

Ndiyo nikachapisha.

Sasa mnaelewa zile karatasi zilikuwa nini. Hazikuwa malalamiko ya mama asiyejua kompyuta. Zilikuwa ushahidi, una saa na dakika. Na pale dukani palikuwa na wateja wawili vijana, na fundi wake nyuma anapuliza vumbi kwenye feni. Nikasema kwa heshima zangu zote, kaka, naomba uangalie hapa, inakatika hata ruta ikiwa hatua nane tu. Kikombe kikashuka. "Mama yangu, kazi hii nina miaka kumi na mbili. Hizo karatasi umezitoa Google." Wale vijana wakacheka, si kwa ubaya labda, lakini walicheka. Nikanyanyua kikombe mwenyewe, nikakiweka pembeni, nikakunja karatasi zangu zenye chai nikatoka. Kwenye daladala nililia kidogo. Umri wangu huu.

Hapo ndipo nilitaka kuandika haya, na kama ningeyaandika siku ile yangekuwa maneno mengine kabisa.

Karibu na stendi ya Tabata kuna kijana anatengeneza simu kwenye kibanda kisichozidi upana wa godoro. Nilikwenda kwake kwa kukata tamaa tu. "Shikamoo mama." Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwa nimelizoea, kisha akauliza swali moja: "Na bluetooth je?" Nikakumbuka. Spika ya binti yangu ilikuwa inakatakata ukisogea hatua mbili, tukadhani spika ndiyo mbovu. "Basi twende kwenye antena," akasema, akachukua bisibisi.

Kwanza skrubu. Moja haikuwepo, na mbili zilikuwa za mashine nyingine, fupi. Akaniangalia bila kusema. Akabandua kifuniko cha chini kwa ukucha wa plastiki, akanisogezea taa nione. Kadi ya waifai ni kitu kidogo, karibu ukubwa wa stempu, na juu yake kuna vishikizo viwili vya dhahabu kama vya shati la mtoto mchanga. Nyaya mbili zinakuja kutoka kwenye kioo, moja nyeupe na moja nyeusi, maana antena zenyewe zimepita pembeni mwa kioo huko juu. Nyeupe ilikuwa imekaa. Nyeusi ilikuwa inaning'inia, imebandikwa pembeni kwa kipande cha selotepu. Selotepu! "Kuna mtu ameshaingia humu," akasema. Akaibandua, akaisawazisha kwa koleo dogo, akabonyeza kwa kidole gumba. Tik.

Tik hiyo ndiyo ilikuwa elfu arobaini zangu na mwezi wa ndoo.

Kisura cha huzuni kilikuwa na hadithi yake. Alinieleza kwamba ukifunga kifuniko, mashine inailaza kadi ya waifai isile umeme. Ukifungua, inaiamsha, na draiva, ile programu inayoiongoza kadi, ikiwa mbovu haiitikii. Windows inasubiri, inasubiri, inachoka, inaanguka. Draiva niliyokuwa nayo ilitoka kwenye yale mafurushi ya draiva za kila mashine ambayo mafundi wanayo kwenye fleshi. Akasoma namba iliyobandikwa chini ya laptop, akashusha draiva kutoka tovuti ya waliotengeneza, halafu akaingia kwenye mipangilio ya kadi akaondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuikatia umeme. Elfu kumi na tano, kila kitu. Nikampa ishirini, akataka kunirudishia chenji.

Ningeishia hapa mngebaki na picha nyepesi: duka baya, dogo mzuri. Lakini wiki moja hivi baadaye ikaanguka tena, safari hii nimekaa nayo chumbani kitandani kama malkia, katikati ya kazi, na maneno mengine: MEMORY MANAGEMENT. Nikamrudia dogo. Akaendesha kile kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows, kikaleta makosa. Akachomoa RAM moja, kile kibao cha kumbukumbu, akapima, akarudisha hiyo akachomoa nyingine. Moja ilikuwa mbovu, ya kampuni tofauti na mwenzake, na kwa maoni yake iliongezwa juzijuzi ili kufikisha GB 16 nilizoahidiwa. Bila shaka ni siku hiyo hiyo iliyochomoka antena.

Nikaibeba RAM kwenye kimfuko, nikaenda Kariakoo nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno tangu Buguruni. Yule bwana akaitazama RAM, akafungua droo, akanipa nyingine. Dakika mbili. Hakubisha, hakudai senti, akamtuma kijana soda. Maneno yangu yote yakanibaki mdomoni. Ya elfu arobaini nilipomwuliza akasema ile ilikuwa kazi ya Windows na Windows ilipigwa. Samahani hakuomba. Nadhani hata karatasi hazikumbuki.

Sasa hivi naandikia laptop hiyo hiyo, chumbani, mlango umefungwa. Tangu RAM ibadilishwe haijaanguka, ritani za miezi miwili zimekwenda humo. Kwa laki sita na nusu mashine kama hii huipati pengine, nimezunguka nimeuliza. Duka nalipatia nyota mbili. Basi tatu, kwa ajili ya RAM. Hapana, mbili.

Mdogo wangu naye alitaka laptop ya chuo. Nilimpeleka palepale. Kabla ya kutoa hela nikasema kifuniko cha chini kifunguliwe mbele yangu. Fundi akamtazama bosi wake, bosi akatikisa kichwa kukubali. Ikafunguliwa. Nikainama na tochi ya simu: nyeupe iko, nyeusi iko, skrubu zote za aina moja. "Umeridhika, mama yangu?" Nikamwambia asogeze kikombe chake, nahesabu hela.