Wild Zero: mazombi, majaketi ya ngozi na wanamuziki wasiojua kuigiza

Wakuu, juzi umeme umerudi saa nne usiku, nikasema leo silali mpaka niangalie kitu, na kitu chenyewe kikawa Wild Zero, muvi ya Kijapani ya 1999 ambayo mshkaji aliniwekea kwenye flashi toka mwaka jana na mimi kila siku naipita tu maana jina lenyewe halikuambii chochote. Daah, nimechelewa sana.

Stori yake mtoto wa darasa la pili anaweza kukusimulia. Wageni wa anga za juu wanakuja na visahani vyao, wafu wanafufuka kwenye mji mmoja unaitwa Asahi, wanaanza kutafuna watu, na wa kuokoa jahazi sio jeshi wala polisi, ni bendi. Na sio bendi ya kutunga, ni Guitar Wolf wenyewe, jamaa watatu wa Japani wanaopiga rock'n'roll chafu yenye kelele kama mashine ya kusaga iliyoingia kokoto, na humo ndani wanaitwa vilevile wanavyoitwa jukwaani: Guitar Wolf, Bass Wolf na Drum Wolf. Yani hata majina mapya hawakupewa.

Sasa utamu wote uko hapo. Hawa jamaa hawajui kuigiza. Hawajui kabisa, na muongozaji Tetsuro Takeuchi, ambaye ametokea kwenye kushuti video za muziki, anajua vizuri kwamba hawajui, kwa hiyo hajawapa kazi ya kuigiza. Hawalii, hawatongozi, hawana maneno mengi. Wao ni kuvaa jaketi la ngozi, kuvaa miwani nyeusi usiku wa manane, kutoa chanuo na kuchana nywele katikati ya hatari, kupaza sauti "Rock'n'roll!" halafu kuna kitu kinalipuka. Basi. Wanafanya kile wanachofanya kwenye shoo zao kila siku, ila safari hii kuna mazombi pembeni.

Nikawa nafikiria sisi huku. Unamchukua msanii wa bongofleva ambaye jukwaani ni moto, unamvalisha shati la kiofisi, unamwambia alie msibani dakika saba nzima, kamera imemganda usoni, machozi hayaji, kinanda kinalia badala yake, halafu watu wakisema hajui kuigiza eti wanamuonea wivu. Kosa ni la nani hapo? Mpe avae cheni zake, mpe afukuze mashetani kwa maiki, mbona tutalipa kiingilio.

Stering ni kijana anaitwa Ace, shabiki wa kufa mtu wa hiyo bendi, kachana nywele kama wao, kavaa kama wao, anaendesha pikipiki kama wao ila hana nyota hata kidogo. Mwanzoni kabisa kuna sini klabu, meneja mmoja anaitwa Captain, kavaa kibukta kifupi ambacho hata watoto wa mchangani wangekataa na kichwani ana wigi ambalo sijui alilitoa wapi, wamenyoosheana bastola na bendi, anawaambia rock'n'roll imekwisha, Ace huko nje anasikia hiyo kauli, roho inamuuma, anaingia kwa kishindo kubisha, na hapohapo risasi zinaanza na vidole vya watu vinaenda. Nilicheka mpaka mdogo wangu akatoka chumbani kuja kuona kuna nini, akakaa, hakuondoka tena.

Kwa shukrani Guitar Wolf anamfanya Ace ndugu yake wa damu na kumpa filimbi. Ukipata shida, puliza. Filimbi! Kama refa wa ndondo. Na inafanya kazi.

Bajeti ya humu ni ya kuungaunga na hawajaificha. Wameenda kushuti Thailand, na inasemekana mazombi mengi ni wanajeshi wa huko na familia zao, wamepakwa rangi usoni kama watoto kwenye igizo la shule siku ya wazazi, wanatembea kwa kusinzia. Vichwa vinapasuka kama matikiti, na unaona kabisa kwamba hii ni kompyuta, tena kompyuta ya zamani. Mapiki yanatema moto kwenye ekzosi, maiki inatema moto, Guitar Wolf anarusha vile vidude vya kupigia nyuzi za gitaa vinawaka kama nyota za ninja. Aliyeangalia Who Killed Captain Alex ya Nabwana kule Wakaliga, Kampala, atanielewa hapa: ukikosa hela usijifanye unazo, ongeza sauti na uchizi. Tofauti ni kwamba ile ya Wakaliga ina VJ Emmie anapiga domo juu ya picha mwanzo mwisho, hii haina, na kwa kweli ilikuwa inamlilia mtu wa hivyo. Mnaokumbuka kibanda umiza na mikanda ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi za nje, fikiria Lufufu anamtafsiri Captain na kibukta chake. Au DJ Afro, mwenzake wa Kenya. Mungu wangu.

Kilichonishangaza ni kwamba ina moyo. Ace anakutana na Tobio kituo cha mafuta, wanapendana, halafu katikati ya balaa anagundua jambo kuhusu Tobio ambalo sitawaharibia, anakimbia kama mjinga, na Guitar Wolf anamtokea kama malaika kumkaripia kwamba mapenzi hayana mipaka wala taifa wala jinsia. Kwa muvi ya kipuuzi ya 1999 sikutegemea. Kuna na wapenzi wawili wanageuka mazombi wote na bado wanapendana, nao wamenigusa bila sababu ya maana.

Lawama sasa. Dakika 98 ni nyingi mno, wakuu. Pale katikati bendi inapotea, unabaki na Ace na watu wengine wamejifungia kwenye jengo bovu wanazunguka, wanapiga kelele, wanazunguka tena, mimi hapo nilienda kuchota maji nikarudi nikakuta wako palepale. Hii ilitakiwa iwe fupi, dakika 30 au 40 zingetosha kabisa. Thriller ya Michael Jackson ya 1983 haifiki hata robo saa, ina mazombi, ina mwanamuziki anaigiza, ina kuchekesha na kutisha, na bado mpaka leo watu wanaicheza kwenye maharusi. Alafu kuna dada mmoja muuza silaha anapambana na mazombi akitokea bafuni, na simaanishi amejifunga kanga, kwa hiyo usiiweke sebuleni bi mkubwa akiwepo. Mimi ilibidi nizime skrini ghafla.

Kutisha? Hapana. Hata kuku hawatishiki. Kama unataka kuogopa tafuta kitu kingine.

Kuna DVD ya Marekani ambayo ukiichagulia hivyo inakuonyesha kialama cha glasi ya bia kwenye skrini kila mtu akichana nywele, akisema rock'n'roll, kichwa kikipasuka na kadhalika, ili mnaoangalia mpige funda. Ya kwangu ya flashi haina, tukahesabu wenyewe na mdogo wangu kwa chai ya rangi, chupa nzima ya chai iliisha hata nusu ya muvi hatujafika.

Nilipomaliza nikaenda kuwasoma hao jamaa ni kina nani, nikakuta Bass Wolf, yule mpole anayekaa nyuma na besi yake, alifariki 2005 kwa moyo, miaka 38 tu. Nikairudia ile sini ya mwisho kwa ajili yake. Kuhusu hiyo sini nitasema neno moja, gitaa la Guitar Wolf sio la kupiga muziki peke yake, lina kitu ndani, na angalia juu.

Sauti weka kubwa ila jirani aambiwe mapema. Wangu kagonga ukuta mara mbili, ya tatu kaja mlangoni na taulo begani, kaangalia skrini kama dakika hivi, akauliza hawa wanachana nywele za nini wakati wanaliwa.