Skrini za LED za kukodisha: kinga ya jua ipi ununue kwanza

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana Dar es Salaam hupita nyuzi 30, na kabineti nyeusi (sanduku lenye taa, ambayo kadhaa zikiunganishwa huwa skrini) iliyosimama juani tangu asubuhi hupata moto kuliko hewa inayoizunguka. Wakodishaji wengi hukimbilia kinga ya uso wa skrini. Mimi nasema anzeni na mgongo. Pawasaplai, vifaa vinavyozipa taa umeme, ziko huko, na mafundi wa umeme hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, uhai wa kapasita zilizomo ndani yake (vipande vya kuhifadhi umeme) hupungua kwa nusu. Dalili ya mapema utaiona kwenye picha: taa nyekundu hufifia kwa joto kabla ya kijani na buluu, kwa hiyo uso wa bibi harusi unapauka na kuingia ubuluu.

Namba moja kwangu ni neti ya kivuli, ile ya wakulima wa bustani, ikiwa na paa dogo juu ya trasi, yaani fremu ya chuma inayobeba skrini. Ifungwe mbali na kabineti, nafasi ya mtu kupita, ili hewa moto ipande na kutoka. Shughuli nyingi huanza alasiri, na skrini ikielekea mashariki watazamaji wanaona vizuri, lakini mgongo unalipokea jua lote la magharibi. Hapo ndipo neti inapolipa fedha yake. Turubai la plastiki usilitumie hapo: linafungia joto, tena upepo wa pwani ukilijaza linaweza kuangusha trasi juu ya watu. Hata neti inashika upepo, kwa hiyo uzito wa chini uongezwe.

Ya pili ni sensa ya mwanga, kifaa kinachopima mwanga wa nje na kurekebisha mwangaza wa skrini chenyewe. Skrini ya nje huwa na mwangaza wa niti (kipimo cha mwangaza) 5,000 hivi au zaidi, wa kushindana na jua la mchana. Giza likiingia, kiwango hicho kinaumiza macho, kinachemsha kabineti na kunywa dizeli ya jenereta bure. Kabla ya kulipa, uliza kama sensa inaelewana na kontrola yako, kifaa kinachoendesha skrini. Kama fedha haitoshi, fundi apunguze mwangaza kwa mkono jua linapotua, haigharimu chochote.

Feni naziweka ya tatu, na ni baada ya kivuli kupatikana. Kabineti ya alumini hutoa joto kupitia mwili wake, kwa hiyo feni ipulize mgongoni kwa nje. Mtu akikushauri ufungue milango ya nyuma ili zipoe, kataa. Utaingiza vumbi na hewa ya chumvi kwenye saketi, na kutu ya Mombasa au Zanzibar haisubiri.

Mfuniko mweupe ni wa skrini iliyozimwa tu. Subiri ipoe ndipo uufunike, na uuondoe wote kabla ya kuwasha.

Mwisho kabisa ni filamu, yaani karatasi za plastiki za kubandika usoni mwa skrini, na kwa LED sishauri uzinunue. Zinapunguza mwangaza, opereta anaupandisha kufidia, na joto linarudi kuwa kubwa kuliko mwanzo. Fedha hiyo nunulia pawasaplai mbili za akiba, za aina ileile iliyomo kwenye kabineti zako.